Onyo Lisilosomwa: Historia ya Kifurushi cha FFmpeg na Hifadhi ya Picha Jongefu Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, 2000–2017

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya kifurushi kimoja cha programu huria, yaani FFmpeg, kama ilivyoonekana kutoka katika seva ndogo ya Mji Mkongwe, Unguja. Kifurushi hiki hubeba kodeki, ambazo ni kanuni za kubana na kufumua picha jongefu, na kwa zaidi ya miaka ishirini kimekuwa nguzo ya kazi nyingi za kugeuza mikanda ya video kuwa mafaili ya kompyuta. Insha inafuatilia mambo matatu: mazingira ya picha na umeme visiwani, sheria za hataza zilizoamua kodeki ipi iingie katika kifurushi, na mgawanyiko wa waendelezaji uliotokea mwaka 2011 na kudumu hadi 2015. Hoja kuu ni kwamba programu huria iliondoa kizuizi cha leseni lakini haikuondoa haja ya mlezi. Katika tukio linaloelezwa hapa, kumbukumbu zilipotea wakati leseni na msimbo vyote vilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma onyo lililoandikwa kila usiku kwa takriban miaka miwili.

Maneno muhimu: programu huria, kodeki, kifurushi, seva, hifadhi ya picha jongefu, Mji Mkongwe

1.0 Utangulizi

Historia ya teknolojia katika mwambao wa Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kuangalia kuwasili kwa vitu: lini reli ilifika, lini taa ya umeme iliwashwa, lini televisheni ilianza kurusha matangazo. Mtazamo huu una manufaa yake, kwani tarehe za kuwasili hupatikana kwa urahisi katika hotuba na magazeti. Hata hivyo, hauelezi kilichotokea baada ya sherehe ya uzinduzi kumalizika. Nani alikitunza kitu kile? Kilipoharibika, nani alijua namna ya kukitengeneza? Kilipoachwa na waliokiunda, nani aliarifiwa?

Insha hii inauliza maswali hayo kuhusu kitu kisichoonekana kwa macho. Kodeki ni kanuni ya hesabu. Huchukua picha zinazofuatana, huondoa yale yanayojirudia na yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi, kisha huhifadhi kilichobaki kwa mpangilio ambao kodeki hiyohiyo, au nyingine inayoufuata kikamilifu, inaweza kuufumua. Bila kifumuzi, faili la video ni mlolongo wa namba usio na maana. Kwa hiyo anayetunza kodeki anatunza ufunguo wa chumba, hata kama mali iliyomo si yake.

Umuhimu wa suala hili kwa Zanzibar hauhitaji maelezo marefu. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za nusu ya pili ya karne ya ishirini, zikiwamo hotuba, taarab, ngoma, harusi, maulidi na mechi za mpira, ilirekodiwa katika mikanda ya sumaku. Mikanda hiyo inachakaa, na mashine za kuisomea zinazidi kuadimika. Mwaka 2016 kampuni ya Sony iliacha kuuza mikanda ya Betacam. Miaka michache baadaye, UNESCO kwa kushirikiana na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, ilitoa tahadhari kuwa baada ya takriban mwaka 2025 uhamishaji wa mikanda ya sumaku utakuwa mgumu au usiwezekane kabisa kwa taasisi nyingi. Kinachohamishwa huwa faili, na faili huhitaji kodeki.

Insha imegawanyika katika sehemu saba. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inatoa usuli wa picha, sauti na umeme Unguja. Sehemu ya tatu inaeleza kodeki na sheria za hataza. Ya nne inasimulia mgawanyiko wa FFmpeg. Ya tano inatoa ushuhuda wa mtafiti mwenyewe akiwa msimamizi wa seva. Ya sita ni mjadala, na ya saba ni hitimisho.

2.0 Usuli: Picha, Sauti na Umeme Unguja

Zanzibar haikuwa mgeni wa teknolojia za kurekodi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV. Tunapozisikia sauti hizo leo, tunazisikia kwa sababu nakala nyingi zilichapwa na kuuzwa, zikasambaa katika nyumba za watu mwambao mzima. Mfano huo una funzo linalogusa mada yetu. Kumbukumbu ilitengenezwa kwa mitambo iliyokuwa mbali na kisiwa, lakini ilidumu kwa kuwa nakala zake zilikuwa nyingi na mashine ya kuzichezea ilikuwa rahisi kuelewa. Santuri iliyoharibika iliweza kufunguliwa na fundi wa mtaani.

Televisheni ilikuja kwa sura tofauti. Televisheni Zanzibar ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa kawaida hutajwa kuwa kituo cha kwanza cha televisheni ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Ilitangulia Tanzania Bara kwa takriban miongo miwili, kwa kuwa Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Fahari hiyo ni ya haki. Lakini teknolojia ya televisheni ya rangi ilikuwa nzito, ghali na yenye kufungwa: kamera, kinasa na mkanda vilitoka kwa watengenezaji wachache, na kila kizazi cha mkanda kilihitaji mashine yake. Mkanda wa U-matic, ulioingia sokoni mwaka 1971, hauingii katika mashine ya Betacam, na wa Betacam hauingii katika mashine ya VHS. Hivyo hata kabla ya kompyuta, swali la ufunguo lilikuwapo.

Jambo la pili katika usuli huu ni umeme. Tangu mwaka 1980 Unguja imepata umeme kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwezi Mei 2008 huduma hiyo ilikatika, na kisiwa kilikaa takriban mwezi mmoja gizani. Desemba 2009 ilikatika tena, safari hii kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013 kwa ufadhili wa Marekani. Kwa mwanahistoria wa uchumi, matukio haya ni habari ya utalii na viwanda. Kwa msimamizi wa seva, ni habari ya mafaili. Faili la aina ya MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, baada ya picha zote kukamilika. Umeme ukikatika katikati ya kazi ya saa tatu, faharasa haiandikwi na faili lote halifunguki kwa njia ya kawaida, hata kama sehemu kubwa ya picha imo ndani ya diski. Faili la aina ya Matroska huandikwa vipande kwa vipande, hivyo aghalabu picha zilizotangulia husalimika. Uchaguzi wa aina ya faili, ambao katika nchi yenye umeme wa uhakika ni suala la mazoea, Unguja ulikuwa suala la kupata au kukosa.

Jambo la tatu ni njia za mawasiliano. Nyaya za SEACOM na EASSy zilianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010. Kabla ya hapo, mawasiliano ya intaneti yalitegemea setilaiti kwa gharama kubwa. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Picha ya PAL isiyobanwa, yenye pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde na biti 20 kwa kila pikseli, huhitaji takriban megabiti 207 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 93 kwa saa moja. Ikibanwa kwa kodeki ya H.264 hadi megabiti 1 kwa sekunde, saa hiyohiyo huwa megabaiti 450. Ya kwanza haiwezi kupita katika kiungo cha kawaida cha ofisi ya Mji Mkongwe wa wakati ule, na saa mia moja za namna hiyo zingehitaji zaidi ya terabaiti 9. Ya pili inaweza kutumwa na kutazamwa. Kodeki, kwa hiyo, ndiyo iliyoamua ikiwa kumbukumbu itabaki kabatini au itatoka.

3.0 Kodeki na Sheria za Mbali

Mradi wa FFmpeg ulianzishwa mwaka 2000 na Fabrice Bellard, mwanaprogramu wa Ufaransa. Kuanzia 2004 uliongozwa na Michael Niedermayer. Msimbo wake hutolewa chini ya leseni ya LGPL, na baadhi ya sehemu chini ya GPL. Maana yake ni kwamba yeyote anaweza kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti yanayolinda uhuru huohuo kwa anayefuata. Kiini cha mradi ni maktaba za programu, hasa ile inayoitwa libavcodec, pamoja na amri ya ffmpeg ambayo msimamizi huiandika katika seva ili kugeuza faili la aina moja kuwa la aina nyingine.

Leseni ya msimbo, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Kiwango cha H.264 kilikamilishwa mwaka 2003 na mashirika ya viwango ITU na ISO/IEC. Kilikuwa wazi kwa maana ya kwamba maandishi yake yalipatikana, lakini mbinu zake nyingi zililindwa kwa hataza zilizokusanywa na kukodishwa kwa pamoja. Programu huria ya x264, inayobana picha kwa kiwango hicho, ilitolewa chini ya GPL na ikasifiwa kwa ubora wake. Hapa ndipo ulipojitokeza utata: mtu aliweza kuwa na ruhusa kamili ya kutumia msimbo, na bado akawa na shaka juu ya ruhusa ya kutumia mbinu iliyomo ndani yake.

Shaka hiyo ilishughulikiwa na wale wanaotengeneza mifumo endeshi. Kampuni ya Red Hat, yenye makao Marekani, iliiacha FFmpeg nje ya hazina zake, hivyo watumiaji wa Fedora na CentOS waliipata katika hazina za pembeni kama RPM Fusion. Ubuntu iliweka vibanaji vyenye utata katika vifurushi vya ziada vilivyohitaji kuombwa kwa jina. Matokeo yake yalikuwa kwamba msimamizi aliyeweka mfumo mpya na kuandika amri ya kubana picha alijibiwa kwamba kibanaji hakijulikani. Programu ilikuwapo, ila ilikuwa imepunguzwa.

Kwa Zanzibar jambo hili lina sura ya pekee inayostahili kuzingatiwa. Mali ya viwanda, ambamo hataza zimo, si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali ya Viwanda, Namba 4 ya mwaka 2008, na usajili wake ni tofauti na ule wa Bara. Hataza ni haki ya eneo: iliyosajiliwa Marekani hailindwi Unguja kwa sababu tu imesajiliwa Marekani. Pamoja na hayo, seva ya Unguja ilipokea kifurushi kilekile kilichopunguzwa kwa kuhofia mahakama za Marekani. Sheria ya mbali haikufika kwa njia ya Baraza la Wawakilishi wala mahakama. Ilifika ndani ya kifurushi, kama uamuzi wa mtu aliyekiandaa, na aliyekipokea aliuchukulia kuwa ni hali ya kawaida ya mashine.

Zilifanyika juhudi za kupata kodeki zisizo na utata huo. Theora, iliyotokana na msimbo wa VP3 uliotolewa na kampuni ya On2 mwaka 2001, ilifikia toleo la 1.0 mwaka 2008. Google iliinunua On2 mwaka 2010 na mwezi Mei mwaka huo ikaifungua VP8. VP9 ilifuata mwaka 2013, na AV1 mwaka 2018. Kwa upande wa hifadhi, kodeki ya FFV1, iliyozaliwa ndani ya FFmpeg yenyewe, hubana picha bila kupoteza hata biti moja. Mwaka 2021 maelezo yake yalichapishwa rasmi kama RFC 9043. Kwa ukubwa, faili la FFV1 mara nyingi hukaribia nusu ya picha isiyobanwa, jambo linalolifanya kuwa zito kwa kutuma lakini linalofaa kwa kutunza. Kwa hiyo FFmpeg haikuwa chombo cha kutazamia tu. Kwa taasisi isiyo na fedha za kununua mitambo ya hifadhi, ilikuwa ndiyo mtambo wenyewe.

4.0 Mgawanyiko wa 2011–2015

Januari 2011 kundi la waendelezaji wa FFmpeg lilitangaza kuchukua usimamizi wa mradi. Malalamiko yao yalihusu utaratibu: namna mabadiliko yalivyokaguliwa kabla ya kupokelewa, na namna maamuzi yalivyofanywa. Niedermayer na waliobaki naye hawakukubali. Machi 2011 kundi lile lilijitenga kwa jina jipya, Libav. Tangu hapo kulikuwa na miradi miwili iliyotokana na msimbo mmoja, yenye maktaba za majina yaleyale na tabia zilizozidi kuachana.

Ni vyema kutoisoma habari hii kama kisa cha wema na wabaya. Libav walikuwa na hoja. Mradi uliokua kwa kasi bila ukaguzi hulimbikiza makosa, na makosa katika kifumuzi cha picha ni hatari kwa usalama, kwa kuwa kifumuzi hupokea mafaili kutoka kwa watu wasiojulikana. FFmpeg nao walikuwa na hoja: waliendelea kupokea kazi mpya kwa wingi, yakiwamo mabadiliko yaliyofanywa na Libav, hivyo mtumiaji wa FFmpeg aliyapata ya pande zote mbili. Tatizo la mtumiaji wa mbali halikuwa nani ana haki. Lilikuwa kwamba uamuzi ulifanywa juu yake.

Debian na Ubuntu zilifuata Libav. Katika Ubuntu 12.04, iliyotolewa Aprili 2012, aliyeomba kifurushi cha ffmpeg alipewa amri yenye jina hilo iliyotoka Libav. Kila ilipoendeshwa, amri hiyo iliandika onyo kwamba programu imepitwa na wakati, imebakizwa kwa ajili ya upatanifu tu, itaondolewa katika toleo lijalo, na kwamba mtumiaji atumie avconv badala yake. Kwa mtazamo wa Libav onyo lilikuwa sahihi, kwa sababu walikuwa wakiiondoa amri hiyo katika mradi wao. Lakini msomaji wa kawaida alielewa kwamba FFmpeg imekufa, ilhali FFmpeg ilikuwa hai na ikiendelea kutoa matoleo mapya. Onyo lilikuwa kweli kuhusu kifurushi na lenye kupotosha kuhusu mradi. Mwanahistoria wa nyaraka anaifahamu hali hii: maandishi yanaweza kuwa sahihi kwa mwandishi wake na yakamdanganya anayeyasoma mahali pengine.

Katika Ubuntu 14.04, iliyotolewa Aprili 2014, ahadi ya onyo ilitimizwa. Amri ya ffmpeg haikuwapo tena. Debian 8 ya Aprili 2015 nayo ilitoka bila kifurushi hicho katika hazina yake kuu. Wakati huohuo mjadala ndani ya Debian ulikuwa umeanza kugeuka. Januari 2014 wataalamu wa usalama wa Google walikuwa wameeleza kwamba kazi yao ya kupima FFmpeg kwa mafaili yaliyoharibiwa makusudi ilisababisha masahihisho zaidi ya elfu moja. Kasi ya kurekebisha kasoro za namna hiyo ikawa kipimo kikuu, na timu ya usalama ya Debian haikutaka kubeba miradi miwili inayofanana. Julai 2015 Debian iliamua kurejea FFmpeg. Mwisho wa mwezi huohuo Niedermayer alijiuzulu uongozi, akitumaini kwamba kuondoka kwake kungesaidia pande mbili kuungana. Ubuntu ilikuwa imeshairudisha FFmpeg katika toleo la 15.04. Debian 9, ya Juni 2017, ilikamilisha kurejea huko, na toleo kubwa la mwisho la Libav, la 12, lilikuwa limeshatoka mwaka 2016.

Miaka minne hii, ikitazamwa kutoka juu, ni mafanikio ya utaratibu huria: mgogoro ulizuka, pande zilishindana kwa kazi, na jamii ikachagua. Ikitazamwa kutoka chini, katika seva isiyo na mtu wa kuifuatilia kila siku, habari ni nyingine.

5.0 Ushuhuda: Seva ya Mji Mkongwe

Sehemu hii ni ushuhuda wa mtafiti. Taasisi iliyohusika haitajwi, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Lilikuwa la mtafiti aliyekuwa akiisimamia seva yake kwa kujitolea, jioni baada ya kazi.

Seva ilikuwa kompyuta ya mezani iliyowekwa katika chumba cha ghorofa ya kwanza cha nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Iliendeshwa kwa Ubuntu 12.04. Kazi yake ilikuwa kupokea picha zilizonaswa kutoka katika mikanda midogo ya DV ambayo watu wa mtaani walileta: mazoezi ya vikundi vya taarab, mahojiano na wazee, na shughuli za kifamilia. Faili la DV huchukua takriban gigabaiti 13 kwa saa, na diski haikuwa kubwa. Kwa hiyo mtafiti aliandika hati fupi ya amri iliyoendeshwa kila usiku, wakati ofisi haina watu na umeme hauna mzigo. Hati ilikuwa na matendo mawili kwa kila faili: kwanza, bana picha kwa amri ya ffmpeg, pili, futa faili la awali ili kupata nafasi.

Kati ya matendo hayo mawili mtafiti aliweka nukta mkato. Katika lugha ya amri za seva, nukta mkato humaanisha kwamba tendo la pili lifuate la kwanza, liwe limefaulu au limeshindwa. Zipo alama nyingine, && mbili, zinazomaanisha kwamba la pili lifanyike endapo tu la kwanza limefaulu. Kwa takriban miaka miwili tofauti hiyo haikuonekana, kwa kuwa tendo la kwanza halikushindwa kamwe. Kila usiku seva iliandika lile onyo katika daftari lake la matukio. Hakuna aliyelisoma.

Agosti 2014 mtafiti aliupandisha mfumo hadi 14.04. Kazi ilikwenda bila kikwazo, na seva ilipowashwa upya ilijibu kama kawaida. Usiku ule hati ya amri ilianza kazi. Iliita ffmpeg, ikajibiwa kwamba amri hiyo haipo, ikavuka nukta mkato, ikafuta. Mafaili 14, yenye jumla ya saa 11 za picha, yaliondoka kwa muda wa sekunde chache. Habari ilijulikana siku ya tatu, mwenye mkanda mmoja alipokuja kuchukua nakala yake.

Mikanda yenyewe ilikuwa imesharejeshwa kwa wenyewe. Kumi na miwili iliombwa tena na kunaswa upya, kazi iliyochukua majuma kadhaa na kuhitaji kubisha hodi katika nyumba za watu na kueleza aibu. Miwili haikupatikana. Mmoja ulikuwa umerekodiwa harusi juu yake, kwa kuwa mwenyewe aliamini picha za mwanzo ziko salama katika kompyuta. Wa pili uliota ukungu, kama mikanda mingi inavyofanya katika unyevu wa kisiwa, na mashine haikuweza kuusoma. Katika mkanda huo wa pili mlikuwa na mahojiano na mzee mmoja aliyekuwa ameshafariki, na mwanawe ndiye aliyeuleta.

Baada ya hapo taratibu zilibadilishwa. Alama kati ya matendo ilirekebishwa. Ufutaji uliondolewa kabisa katika hati na kufanywa kwa mkono, baada ya faili jipya kufunguliwa na kulinganishwa na la awali kwa urefu. Kifurushi kilizuiwa kujipandisha chenyewe, na kila kabla ya kupandishwa kwa mkono kilijaribiwa kwa mafaili matano ya mfano. Orodha ya kodeki zilizomo katika kila toleo ilichapwa na kubandikwa katika daftari la karatasi. Daftari la matukio la seva lilisomwa kila Jumatatu. Hakuna hata moja kati ya taratibu hizi iliyogharimu fedha.

6.0 Mjadala

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa dhidi ya insha hii ni kwamba tukio lililoelezwa ni uzembe wa mtu mmoja, na halihusiani na historia ya FFmpeg. Ni kweli kwamba nukta mkato ilikuwa kosa la mtafiti. Lakini kosa lile lilikaa kimya kwa muda mrefu bila kudhuru, na lililoliamsha ni uamuzi uliofanywa na watu wasioijua seva ile, katika mgogoro ambao msimamizi wake hakuwa na habari nao. Historia ya matukio ya namna hii aghalabu huhitaji visababishi viwili: udhaifu wa karibu na msukumo wa mbali. Kueleza kimoja na kuacha kingine ni kueleza nusu.

Hoja ya pili ni kwamba taasisi ingenunua programu ya kibiashara yenye mkataba wa huduma. Hoja hii ina uzito kwa taasisi kubwa. Hata hivyo, historia ya mikanda inaonyesha kwamba mtengenezaji huacha bidhaa anapoona haina soko, na mkataba haumlazimishi kuiendeleza milele. Aidha, kuna tofauti ya msingi katika aina ya hasara. Amri ya ffmpeg iliyotoweka mwaka 2014 ingeweza kurejeshwa siku hiyohiyo kwa kuupata msimbo wake na kuujenga upya. Matoleo ya zamani ya vifurushi vya Debian yamehifadhiwa hadharani na yanaweza kuchukuliwa leo. Kilichotoweka bila kurejea ni picha. Programu huria ilijiponya, lakini kumbukumbu haikuweza.

Hoja ya tatu ni kwamba tovuti za video zimeshakuwa hifadhi. Nyimbo nyingi za taarab zinasikika leo kwa sababu wapenzi wake walizipandisha YouTube, na mchango huo haufai kubezwa. Lakini tovuti hizo huzibana upya picha zinazopokelewa, kwa kodeki na kiwango wanachochagua wao. Zinatoa nakala ya kutazama, nayo hairidhishi kwa mtafiti wa karne ijayo anayehitaji nakala ya karibu na asili.

Uchambuzi huu unaweza kulinganishwa na majengo yanayoizunguka seva ile. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea. Sehemu nyingine ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012. Hakuna aliyekosa kujua thamani ya jumba lile, wala nyufa zake hazikuwa siri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tofauti ni kwamba ufa wa jengo huonekana na mpita njia, ilhali ufa wa seva huandikwa katika daftari lisilofunguliwa. Kwa sababu hiyo, urithi wa kidijitali unahitaji mlezi mwenye ratiba, si mlezi mwenye mapenzi tu.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya kifurushi cha FFmpeg, kuanzia kuasisiwa kwake mwaka 2000 hadi kurejea kwake katika Debian mwaka 2017, ni sehemu ya historia ya kumbukumbu za Unguja, ingawa hakuna uamuzi wake hata mmoja uliofanyika Unguja. Imebainika kuwa sheria za hataza za mbali zilifika kisiwani ndani ya vifurushi, bila kupita katika chombo chochote cha kutunga sheria. Imebainika pia kuwa uhuru wa msimbo ni sharti la lazima la hifadhi ya kudumu, lakini si sharti linalotosha.

Kutokana na matokeo hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, taasisi za Zanzibar zinazohamisha mikanda ziandike, pamoja na kila faili, jina na toleo la programu iliyolitengeneza na kodeki iliyotumika. Pili, nakala ya msimbo wa programu hiyo ihifadhiwe pamoja na picha, kwa kuwa leseni inaruhusu na ukubwa wake ni mdogo ukilinganishwa na saa moja ya video. Tatu, mafunzo ya usimamizi wa seva katika vyuo vya Unguja na Pemba yasiishie katika kuweka programu, bali yahusishe kusoma madaftari ya matukio na kufuatilia habari za miradi inayotegemewa.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu mikanda iliyo mikononi mwa familia, ambayo haimo katika orodha ya taasisi yoyote. Mkanda wa mzee yule ulikuwa mmoja wa hiyo. Mwanawe aliambiwa ukweli wote, pamoja na maana ya nukta mkato, na alisikiliza hadi mwisho. Aliuchukua mkanda wenye ukungu akaondoka nao, kwa kuwa ulikuwa ni wa baba yake.